ISOME MBAO KABLA YA KUSOMEA JUU YAKE

Mlezi wa chama alitutaka mwaka huu kila mmoja aandike makala ya kufundisha jambo analolijua kwa mikono yake, si la kunakili kitabuni. Wenzangu wamechagua mapishi ya mrenda, ufugaji wa kuku wa kienyeji na ufumaji. Mimi nimechagua mbao kuukuu. Nitaeleza zinakopatikana, jinsi ya kuzikagua, na jinsi ya kuunda meza ya kusomea kwa paleti mbili. Sehemu ya kukagua nitaikazia kuliko zote, kwa sababu watu wengi huiruka, na humo ndimo mna hatari.

Kwanza, kwa nini meza? Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mwenzetu wa bweni akishakula chakula cha jioni ana dawati, ana taa, ana na mwalimu wa zamu wa kumkemea akisinzia. Sisi tunafika nyumbani jua likitua, kuna maji ya kuteka na kuni za kuchanja, na ukishamaliza hayo ndipo unatafuta mahali pa kuandikia. Kwetu palikuwa na meza moja tu ya sebuleni, nayo ni ya sahani, ya redio na ya wageni. Dada yangu yuko Kidato cha Nne, mimi niko cha Tatu, na mdogo wetu yuko Gredi ya Nane. Tulikuwa tukiandika kwa zamu. Asiye na zamu alilala kifudifudi kitandani, daftari juu ya mto. Jaribu kuchora grafu ya Fizikia kwa mtindo huo uone mstari utakwenda wapi! Na mtihani wa KCSE haumuulizi mtu kama kwao kulikuwa na meza.

Mama alikwenda sokoni kuulizia. Meza ya kusomea ya mbao mpya, bila droo, fundi alitaka shilingi 3,500, na hakutaka mzaha. Hakuwa akitudhulumu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ilidumu hadi Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo mbao zilipanda bei, na mwenye kununua kitu bei ikishapanda anajua jinsi inavyokawia kushuka. Basi fundi naye ananunua ghali, anauza ghali. Mama akarudi na sukari na sabuni, meza akaiacha pale pale.

Sasa hebu tutazame tulipo. Kutoka hapa Khunyangu unapitia Bumala, unashika barabara kuu ya Kisumu, na muda si mrefu uko Busia mpakani. Ukienda kaskazini utafika Malaba. Hiyo ndiyo milango miwili mikubwa ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na mbele zaidi. Malori hupanga foleni usiku na mchana. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia mnamo Februari 2018, karatasi za dereva hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, lakini mzigo ni mzigo: unashushwa, unapangwa upya, unapakiwa tena. Kila unaposhushwa kuna kinachobaki chini. Hubaki paleti, yaani zile fremu za mbao ambazo shehena hukalishwa juu yake ili mashine iweze kuiinua. Hubaki makasha ya vioo na ya vipuri. Hubaki mikanda migumu ya plastiki iliyofunga marobota ya mitumba, matairi yaliyokwisha, na mapipa.

Wazee wetu hawakungoja mtu aje kuwafundisha kutumia vitu hivi. Sanduku la bati ambalo mwenzako wa bweni anafungia maziwa ya unga na kufuli mbili, aghalabu liligongwa na fundi wa jua kali kutokana na mabati ya mapipa yaliyokunjuliwa. Kiti cha sofa ukikigeuza chini juu utakuta vipande vya mpira wa tairi vimesukwa kama mkeka badala ya springi. Ile mikanda ya plastiki husukwa vikapu vya sokoni, na wengine huisuka juu ya fremu za viti na vitanda. Hata neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka wetu huu, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Paleti zetu wenyewe zilifika nyumbani juu ya bodaboda, zikiwa zimefungwa kwa mpira wa blada, na mwendeshaji akilalamika njia nzima kwamba upepo unamsukuma kama dau.

Ingawa hivyo, si kila kilichobaki chini ni cha kuingiza nyumbani. Ubao una historia yake kama mtu, na historia hiyo imeandikwa. Kazi yetu ni kuisoma.

Anza na muhuri. Paleti inayovuka mipaka ya nchi hutakiwa iwe na alama iliyochomwa au kupigwa chapa kwenye mbao zake. Utaona picha kama ya suke la ngano na herufi IPPC, ambazo ni za mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Kando yake kuna herufi mbili za nchi: KE ni Kenya, UG ni Uganda. Kisha nambari ya aliyeitengeneza, na mwisho herufi mbili ambazo ndizo tunazozitafuta. Kanuni hii ilipitishwa mwaka wa 2002 ili wadudu wanaotoboa miti wasisafiri ndani ya mbao kutoka bara hadi bara na kuharibu misitu ya wenyewe. Ukiona HT, maana yake mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi, kikakaa katika joto hilo dakika 30 mfululizo. Joto ni joto, likishapoa limekwisha. Hiyo ichukue. Ukiona MB, maana yake mbao zilifukizwa kwa gesi ya mithaili bromaidi. Gesi hiyo ni sumu, na isitoshe ni mojawapo ya zile zinazokula tabaka la ozoni, ndiyo maana imo katika orodha za Mkataba wa Montreal uliotiwa sahihi mwaka wa 1987. Mimi paleti ya MB siingizi chumba cha kulala. Iko watakayosema kwamba gesi ilishapeperuka zamani. Sawa, lakini HT zipo tele. Kuna haja gani ya kubahatisha?

Je, ikiwa haina muhuri wowote? Huenda ilitengenezwa ya kutumika humu humu nchini na haikuhitaji muhuri. Si lazima iwe mbaya. Hapo unaendelea na masomo mengine.

Soma kwa macho. Muhuri hueleza mbao zilivyotibiwa mwanzo, hauelezi kilichomwagika juu yake baadaye. Doa jeusi la mafuta, doa la kijani au la buluu lililoingia ndani ya nyuzi za mbao, weupe kama chumvi uliokauka katika mianya, hivyo vyote ni maandishi. Kisha soma kwa pua. Lowesha kitambaa, pangusa ubao, nusa. Mbao ya msonobari au saiprasi hunukia utomvu. Ikinuka dawa ya mifugo, dawa ya mimea au kitu cha kukuwasha koo, iache. Muuzaji mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alituletea paleti nne nzuri za kupendeza, nene, bei nusu. Mama aliinama, akanusa, akasimama. "Hizi zilibeba nini?" Akajibu, "Ah Mama, ni mbolea tu." Mama akamuuliza mbolea gani inanuka kama josho la ng'ombe. Yule bwana akacheka, akazipakia tena mkokoteni wake, akaenda kubisha mlango wa jirani. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili linafaa kuandikwa, kwa maana si kila jirani ana pua ya mamangu.

Jambo hilo hilo lahusu mapipa, tena zaidi. Pipa lililobeba sumu ya wadudu halisafishiki kwa omo na maji ya moto, hata uliloweke wiki nzima. Likiwa na picha ya fuvu na mifupa, au likiwa halina karatasi yoyote ya kulitambulisha, lisiwe la maji ya kunywa wala la kuwekea mahindi. Vivyo hivyo shuka za asbesto zilizong'olewa kwenye mapaa ya zamani. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 2006, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni haliondoki na huleta saratani. Nimeona mtu ameikata akafanya meza ya kuoshea vyombo. Afadhali angeoshea vyombo chini.

Rangi kuukuu nayo isomwe. Milango ya zamani huenda ilipakwa rangi yenye risasi. Hapa simaanishi risasi ya bunduki, ni ile metali ya Kemia yenye alama Pb, ingawa kwa ubongo wa mtoto mdogo hazitofautiani sana. Rangi ya namna hiyo usiikwangue ikiwa kavu na kutimua vumbi ndani ya nyumba. Ilowanishe kwanza, ikwangulie nje, watoto wakiwa mbali, na mabaki uyakusanye. Na vipande vya mbao zenye rangi au dawa visiingie jikoni kupikia ugali. Moshi wake si moshi wa kuni.

Kuna somo jingine ambalo ni la furaha: kutambua mbao za thamani. Nyumba ya zamani ya babu ilipobomolewa, mlango wake ulitupwa nyuma ya zizi. Ulikuwa mweusi, umefuka moshi wa miaka, umepasuka upande mmoja. Mjomba alitaka kuwapa wachoma matofali. Nyanya akasema, "Huo ni mvule." Neno moja tu, akaendelea kupepeta mtama wake. Tulipokwangua kidogo kwa kisu tukaona rangi ya kahawia yenye kung'aa, na mchwa hawakuwa wamegusa hata kona. Mvule ni mti wa huku kwetu na wa ng'ambo ya Uganda, nao umekatwa mno, mbao zake leo hazipatikani kirahisi na ni ghali. Mchwa hawaupendi. Kumbe tulikuwa karibu kuwapikia watu matofali kwa mti ambao hatuna uwezo wa kuununua! Mjomba mwenyewe ndiye aliyeubeba kuurudisha. Sasa ni benchi chini ya mwembe, miguu yake ni vipande vya fremu ya mlango ule ule, na tundu la kitasa bado lipo. Watoto hupitisha vidole humo.

Jinsi ya kutambua mbao ngumu kama hiyo: iinue, itakuwa nzito kuliko unavyotarajia, ibonyeze kwa ukucha, haitaacha alama, kwangua pembeni utazame rangi ya ndani, kwa kuwa rangi ya nje hudanganya. Mbao za paleti kwa kawaida ni nyepesi na laini. Hazina kosa, ila zinahitaji kulindwa na mchwa, nitafika huko.

Kabla ya kushika nyundo kuna suala la sheria. Kuokota ni kuokota na kuiba ni kuiba. Paleti nyingine zina mwenyewe, kampuni huzihesabu na kuzirudisha, kwa hiyo uliza mwenye bohari au mwenye lori, lipa kidogo, upewe mbele ya watu. Chuma ndicho chenye balaa kubwa zaidi. Reli inapita Malaba, na chuma cha reli, mataruma yake, nguzo za stima na vyuma vya kando ya barabara si chakavu hata vikiwa na kutu. Tangu 2015 tuna Sheria ya Vyuma Chakavu inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi karibu nzima kukaa gizani, Rais alisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa. Kitanda cha chuma cha wizi si kitanda cha kulalia usingizi. Nayo mataruma ya mbao, hata ukiuziwa kihalali na shirika lenyewe, mengi yalitiwa mafuta meusi ya kuzuia kuoza ambayo ni sumu kwa ngozi. Hayafai meza, hayafai kitanda.

Haya, tuingie karakanani. Katika Kiswahili sanifu vitu hivi huitwa samani, lakini ukimwambia fundi wa sokoni "nataka samani" huenda akadhani unatafuta duka la jirani. Sema fanicha. Ila vifaa vya useremala majina yake ya Kiswahili yapo hai na mafundi huyatumia: msumeno wa kukatia, randa ya kulainishia, patasi ya kuchimbia, keekee ya kutobolea, jiriwa ya kubania, msasa wa kusugulia. Kwa meza hii utahitaji msumeno, nyundo, koleo, mkono mmoja wa msumeno wa chuma, msasa, futi ya kupimia, na randa kama utaazimwa. Mimi niliazimwa na fundi jirani. Aliponiona akauliza, "Ati randa ni yako wewe, msichana? Au umetumwa na kaka yako?" Nikamjibu, "Sina kaka, Fundi." Akanipa, lakini akanifuata hadi nyumbani kuhakikisha siharibu ulimi wake. Si haba, nilipata mwalimu bila karo.

Kubomoa paleti ndiko kugumu kuliko kuunda meza. Misumari yake imepindwa kama skrubu ili isitoke safarini, na ukiingiza mtaimbo ukavuta kwa nguvu, ubao utapasuka mara moja. Fanya hivi. Ingiza ule msumeno wa chuma katika mwanya kati ya ubao na boriti ya paleti, ukate msumari wenyewe. Vichwa vitabaki ndani ya ubao kama vifungo vyeusi; vinapendeza, viache, mradi vimezama. Pasipo mwanya, geuza paleti na ugonge ubao kutoka chini, karibu kabisa na msumari, ukiwa umetanguliza kipande cha mbao ili nyundo isiuache na jeraha. Gonga huku kidogo, gonga kule kidogo. Ukiharakisha utapata kuni. Misumari iliyotoka nzima mpe mdogo wako ainyooshe juu ya jiwe.

Sasa vipimo. Paleti zetu zilikuwa za sentimita 120 kwa 100, kila moja ikiwa na boriti tatu ndefu na mbao nyembamba za juu, kila ubao ukiwa na urefu wa sentimita 100, upana kama 10 na unene kama 2. Za kwako zikitofautiana, badilisha hesabu. Kwa miguu, kata boriti nne, kila moja sentimita 73. Kwa fremu, kata mbao mbili za sentimita 90 na mbili za sentimita 46. Zile za 46 zikae katikati ya zile za 90, kwa hiyo ukijumlisha unene wa pande mbili unapata sentimita 50 kamili. Uso wa meza ni mbao sita zilizopangwa sako kwa bako, sentimita 100 kwa 60, ambazo zitazidi fremu kwa sentimita 5 kila upande. Jumla ya kimo ni sentimita 75, kiasi cha futi mbili na nusu, ambacho ndicho kimo mtu aliyeketi kwenye kiti cha kawaida anaandika bila kukunja mgongo.

Piga fremu kwanza juu ya ardhi tambarare. Usikaze mpaka upime pembe. Hapa ndipo Pythagoras anapoacha kuwa adui. Fremu ya 90 kwa 50, mraba wa 90 ni 8,100, wa 50 ni 2,500, jumla 10,600, na kipeo chake ni karibu 103. Basi nyosha futi kutoka kona hadi kona. Ukipata sentimita 103 kwa mishazari yote miwili, pembe zako ni nyuzi 90. Ukipata 102 huku na 104 kule, sukuma kona ya upande mrefu mpaka zilingane. Fundi wangu hajui jina la Pythagoras, lakini kupima mishazari anapima kila siku, na aliponiona nikikokotoa kwa kalamu alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Kumbe mnafundishwa!"

Miguu huingia ndani ya kona nne za fremu. Tumia skrubu, mbili kila upande, ukitoboa kwanza kwa keekee ili boriti isipasuke. Msumari utashika mwezi wa kwanza, kisha meza itaanza kucheza kama mtu aliyelewa. Kata vipande viwili vya boriti zilizobaki uviweke chini ya uso kwa upana, viwe mbavu za kuzuia mbao kubenuka. Kisha panga mbao sita za juu, zile zilizonyooka zaidi zikae upande wa kuandikia. Randa ipite tu baada ya kupapasa kwa kidole kutafuta misumari iliyojificha. Msumari mmoja unatosha kuvunja meno ya ulimi na urafiki na fundi. Malizia kwa msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, ukifuata nyuzi za mbao.

Kuhusu mchwa. Sisi huwala kumbikumbi mvua ikinyesha, nao mchwa hutulia fanicha, ni kisasi cha haki. Wengi wetu tuna sakafu za udongo uliokandikwa kwa samadi, na mguu wa msonobari uliosimama juu yake hauchukui msimu. Desturi ya huku ni kupaka oili chafu ya injini. Ipake, lakini mwisho wa mguu tu, kiasi cha sentimita 10, nje ya nyumba, kisha iache ikauke siku kadhaa. Usipake uso wa meza unapoweka viwiko, daftari na wakati mwingine chakula. Sisi tuliongeza pia vifuniko vya mikebe ya rangi chini ya kila mguu. Uso tulipaka vanishi ya maji, mikono miwili.

Wapo waliocheka. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu aliita meza yetu "fanicha ya jaa", na mimi sikumjibu siku ile kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo. Mwaka wa 1934, wakati uchumi wa dunia umeporomoka, mbunifu mashuhuri wa Uholanzi aitwaye Gerrit Rietveld alibuni viti na meza kwa mbao za makasha ya mizigo, vikauzwa kwa vipande ili mnunuzi aunganishe mwenyewe nyumbani. Leo viti hivyo vimo katika majumba ya makumbusho. Huku Afrika Mashariki, Lamu na Zanzibar, majahazi yaliyozeeka hupasuliwa na mbao zake hufanywa mabenchi na meza, na watalii hulipa pesa nyingi kwa ajili ya zile zile alama za misumari na chumvi. Kule Lamu, Septemba 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi la Flipflopi, urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa ndara kama 30,000 zilizookotwa. Ndara ndizo sisi tunaziita malapa. Jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar mwaka wa 2019, na mwaka wa 2021 likazunguka Ziwa Viktoria, jirani yetu hapa. Kama malapa yamebeba mabaharia, paleti haitashindwa na atlasi.

Lakini sisemi haya ili tujifanye kwamba umaskini ni mtindo. Kama Mama angekuwa na zile shilingi 3,500 angenunua meza ya fundi na fundi angepata riziki. Tulitumia paleti kwa kuwa hatukuwa nazo, na gharama yetu yote, pamoja na bodaboda, skrubu na vanishi, ilifika shilingi 1,150. Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi tatu.

Meza iko chini ya dirisha. Dada huketi upande wa kulia kwa sababu anaandika kwa mkono wa kushoto, mimi upande mwingine, na mdogo wetu tumemtengenezea kibao cha kukunja kwa bawaba mbili ubavuni, kwa mbao zilizosalia. Michoro ya meza na ya kibao hicho nimeichora kwa vipimo nyuma ya daftari langu la Kemia. Anayeitaka anione wakati wa mapumziko ya saa nne, aje na karatasi. Msumeno atafute wake, maana ule niliokuwa nao umerudi kwa wenyewe.